Jina la Tovuti Yako Liko Kwenye Akaunti ya Nani?

Mwaka 2005 wawekezaji watatu wa Marekani walinunua jina la intaneti, P2P.com, kwa dola 160,000. Hawakuwa na haraka ya kulifanyia kitu. Walijua majina mafupi hupanda bei, wakaliweka. Mei 2006 likatoweka mikononi mwao. Kijana mmoja wa jimbo la New Jersey alikuwa ameingia kwenye barua pepe yao, akaitumia kufungulia akaunti yao kwa msajili wa majina, kisha akalihamishia jina kwenye akaunti yake mwenyewe, kwa msajili huyohuyo. Hakuvunja seva ya mtu. Alibofya vitufe vilevile ambavyo wenye mali wangebofya kama wangeamua kuliuza.

Baadaye aliliuza kwenye mnada wa eBay kwa zaidi ya dola 110,000. Mnunuzi, mchezaji wa mpira wa kikapu wa NBA Mark Madsen, hakujua kwamba anauziwa kitu cha wizi. Mwizi alikamatwa mwaka 2009, na mwaka 2011 akahukumiwa kifungo cha miaka 5 katika kesi iliyoripotiwa kuwa ya kwanza ya aina yake nchini Marekani.

Kitendo chenyewe cha kulihamisha jina kutoka akaunti moja kwenda nyingine ni halali na hufanyika kila siku duniani. Kampuni inauzwa, fundi anamkabidhi mteja kazi, ndugu wanagawana biashara, mweka hazina mpya wa chama anapokea vitu kutoka kwa aliyemtangulia: kote huko jina la tovuti hutoka akaunti moja likaingia nyingine. Kazi yenyewe huchukua dakika chache, na kwa wasajili wengi haina ada. Wepesi huo ndio unaomlazimu kila mwenye duka, shule, hoteli au kikundi chenye tovuti kuielewa, kwa sababu aliyeshika nenosiri la akaunti anaweza kulipeleka jina popote, awe ni mwenyewe au mgeni.

Daftari na wanaoliandika

Kompyuta hutafutana kwa namba. Majina tunayoandika ni kwa faida yetu binadamu. Enzi za mwanzo za mtandao, orodha nzima ya majina na namba zake ilikuwa faili moja iliyotunzwa katika taasisi ya utafiti ya Stanford, California. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni mfumo wa vikoa, DNS, ulioigawa orodha hiyo katika matawi, kila tawi na msimamizi wake. Tawi la .com lilifunguliwa mwaka 1985, la Kenya, .ke, mwaka 1993, na la Tanzania, .tz, mwaka 1995.

Kwa miaka mingi aliyetaka jina la .com alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha, kampuni ya Network Solutions. Mwaka 1998 likaundwa shirika la ICANN kusimamia mfumo mzima, na kuanzia 1999 kampuni nyingine zikaruhusiwa kusajili majina hayohayo. Bei zikashuka, huduma zikaongezeka, na swali jipya likazuka: mwenye jina kwa msajili huyu atalipelekaje kwa yule?

Leo kazi imegawanyika ngazi kwa ngazi. Juu kabisa iko masjala kuu, yenye daftari ambalo intaneti nzima hulifuata. Masjala ya .com inaendeshwa na kampuni ya Verisign na ina majina zaidi ya milioni 150. Ya .ke iko chini ya KeNIC, na kwa .tz iliundwa tzNIC mwaka 2006. Ngazi inayofuata ni wasajili, yaani kampuni zenye ruhusa ya kuandika katika daftari hilo. Chini yao wapo mawakala, wanaouza majina kwa niaba ya wasajili. Kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti hapa Afrika Mashariki ni mawakala wa wasajili wa nje inapokuja kwenye .com na .org. Wa mwisho ni mwenye jina.

Masjala kuu haijui habari za akaunti. Kwa .com, daftari la Verisign linaonyesha tu kwamba jina fulani liko chini ya msajili fulani, tarehe zake, na seva linakoelekezwa; hata jina la mmiliki halimo. Kwamba limo kwenye akaunti ya Asha au ya Otieno ni siri iliyo kwa msajili mwenyewe. Ndiyo maana kulitoa kwa Asha kulipeleka kwa Otieno, kama wote ni wateja wa msajili mmoja, hakuhitaji kuigusa masjala kabisa.

Kuhama kwa namna mbili

Watu wengi huchanganya mambo mawili yenye jina moja la kuhama. Mfano wa simu unasaidia. Anayehama kampuni ya simu huku akibaki na namba yake, jambo lililoanza Kenya mwaka 2011 na Tanzania mwaka 2017, anafanana na anayelitoa jina kwa msajili mmoja kwenda kwa mwingine. Anayekwenda dukani kubadili laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha shemeji yake ili iwe kwa kitambulisho chake mwenyewe, mtandao ukiwa uleule, anafanana na anayelitoa jina akaunti moja kwenda nyingine.

Namna ya kwanza ina masharti mengi. Kwa majina yaliyo chini ya ICANN, kama .com, .net na .org, jina lililosajiliwa au kuhamishwa chini ya siku 60 zilizopita kwa kawaida haliruhusiwi kutoka. Mwenye jina huliondolea kufuli linalozuia uhamisho, huomba msimbo wa siri wa uhamisho, humpa msajili mpya, hulipa, kisha husubiri. Msajili wa zamani ana siku 5 za kukubali au kukataa kwa sababu zinazotambulika. Akinyamaza, jina huondoka. Malipo yale huongeza mwaka mmoja kwenye muda wa jina, mradi jumla isizidi miaka 10.

Namna ya pili haina msimbo, haina siku 5, haina mwaka wa nyongeza. Tarehe ya kumalizika muda inabaki ileile. Mafundi huita kitendo hicho kupush, yaani kusukuma, na ndiyo njia inayopendwa na wanaouziana majina: mnunuzi anafungua akaunti kwa msajili wa muuzaji, fedha zinawekwa kwa mtu wa tatu anayeaminika na pande zote mbili, jina linasukumwa, fedha zinaachiliwa. Majina mengine yana thamani ya kutisha. Mwaka 2019 kampuni ya MicroStrategy iliuza Voice.com kwa dola milioni 30.

Hatua kwa hatua

Kwenye kioo cha kompyuta kazi yenyewe iko hivi. Mwenye jina anaingia kwenye akaunti yake kwa barua pepe na nenosiri. Kama ameweka ulinzi wa hatua mbili, anaandika pia tarakimu sita kutoka kwenye programu ya simu yake, tarakimu ambazo hubadilika kila baada ya sekunde 30. Anafungua orodha ya majina yake, anaweka alama kwenye lile analotaka, anachagua kulipeleka kwenye akaunti nyingine. Msajili anauliza mpokeaji ni nani: wengine hutaka barua pepe aliyofungulia akaunti, wengine namba ya mteja, wengine jina la mtumiaji, na wapo wanaotaka mawili kwa pamoja.

Hapo ndipo pa kutulia. Herufi moja ikikosewa katika barua pepe, jina linaweza kumwangukia mtu asiyehusika. Msajili makini hulishikilia jina mpaka mpokeaji aingie kwake na kulikubali. Asipolikubali ndani ya siku zilizowekwa, ombi hufutika na jina hubaki lilipokuwa. Wapo hata hivyo wasajili ambao hulihamisha papo hapo, mtumaji anapobofya tu. Anayehamisha kwa mara ya kwanza afadhali asome maelezo ya msajili wake kabla, na amwombe mpokeaji anakili na kutuma mwenyewe namba yake ya mteja kuliko kuiandika kwa kusikia kwenye simu.

Mpokeaji akikubali, anajaza taarifa za mmiliki: jina, taasisi, anwani, simu, barua pepe. Wengi hupita haraka hapa, ilhali ndipo umiliki unapoandikwa.

Akaunti ni kitu kimoja, mmiliki aliyeandikwa ni kitu kingine. Jina linaweza kuwa kwenye akaunti ya fundi huku mmiliki aliyeandikwa akiwa shule. Linaweza pia kuhamia kwenye akaunti ya shule huku mmiliki aliyeandikwa akibaki fundi, kama aliyelipokea hakubadili chochote. Ukizuka ugomvi, msajili na mahakama watataka kujua nani kaandikwa. Siku za kawaida, anayetawala ni aliye na akaunti. Mambo yote mawili yanapaswa kwenda pamoja.

Kwa majina ya ICANN, tangu tarehe 1 Desemba 2016, kubadili jina la mmiliki, la taasisi yake au barua pepe yake huhesabiwa kuwa ni kubadili umiliki. Pande zote mbili, wa zamani na mpya, lazima zithibitishe. Baada ya hapo jina hufungwa kwa siku 60 lisiweze kwenda kwa msajili mwingine, isipokuwa mmiliki wa zamani amechagua mapema kuliepuka kufuli hilo, kama msajili wake anatoa nafasi hiyo. Anayenunua jina akikusudia kulipeleka kwa msajili anayempenda ajue hivyo kabla, asije akadhani ametapeliwa. Na mmiliki mpya akitumiwa barua pepe ya kuhakiki anwani yake, ana siku 15 za kuijibu. Akipuuza, jina linaweza kusimamishwa na tovuti ikazimika.

Kinachohama na kinachobaki

Symbolics.com lilisajiliwa tarehe 15 Machi 1985 na kampuni ya kompyuta ya Massachusetts, na ndilo jina la kwanza la .com kusajiliwa. Mwaka 2009 liliuzwa kwa mwekezaji. Ukilitafuta leo, tarehe ya kuzaliwa inasoma vilevile: 15 Machi 1985. Jina likibadili mikono, umri wake na historia yake huenda nalo.

Yeyote anaweza kuangalia kumbukumbu kama hiyo bila malipo kwenye lookup.icann.org kwa majina ya .com, .org na mengine ya kundi hilo; wasimamizi wa .ke na .tz nao wana huduma za kutafutia majina yao. Huonekana jina la msajili, tarehe ya kusajiliwa, tarehe ya mwisho, seva za majina, na hali ya kufuli. Jina la mmiliki mara nyingi halionekani tena, kwa sababu sheria ya faragha ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018 ilisababisha wasajili wengi kulificha. Baada ya kuhama akaunti, mistari hiyo mingi itasomeka kama ilivyokuwa. Asiyejua anaweza kudhani hakuna kilichofanyika.

Kipo kinachoweza kupotea. Jina ni kielekezi tu. Mafaili ya tovuti yako kwenye seva ya kampuni ya kuhifadhi, na barua pepe za ofisi zinaweza kuwa kwenye seva ya tatu kabisa. Kinachoviunganisha ni kumbukumbu za DNS: mstari wa A unaosema tovuti iko kwenye namba ipi, mstari wa MX unaosema barua pepe zipelekwe wapi, na mistari ya TXT inayothibitisha kwamba barua zinazotoka kweli zimetoka kwa mwenye jina. Kama kumbukumbu hizo zinatunzwa na kampuni nyingine, uhamisho wa akaunti haugusi kitu. Kama zinatunzwa na msajili mwenyewe, wapo wasajili wanaozihamisha pamoja na jina, na wapo wanaozifuta na kuanza upya.

Matokeo ya kufutwa yanauma. Tovuti inafunguka kwenye ukurasa wa matangazo ya msajili, na barua pepe za wateja zinarudi zilikotoka. Hata baada ya kurekebisha, kompyuta nyingi hukumbuka majibu ya zamani kwa saa kadhaa, pengine hadi siku mbili. Dawa yake ni rahisi: kabla ya kuhamisha, fungua ukurasa wa DNS, nakili kila mstari, piga na picha ya kioo. Kwa biashara ndogo mistari hiyo ni michache, na dakika za kuinakili zinaweza kuokoa wiki nzima ya maombi ya hoteli au maagizo ya duka.

Waliopoteza na waliorudishiwa

Kesi iliyobadili sheria ni ya jina ambalo magazeti mengi yasingependa kulichapa, Sex.com. Gary Kremen, ambaye pia ndiye mwanzilishi wa Match.com, alilisajili mwaka 1994. Mwaka uliofuata tapeli aitwaye Stephen Cohen aliwapelekea Network Solutions barua ya kughushi, iliyodai kuwa kampuni ya Kremen imemfukuza kazi na kuamua kuliachilia jina. Barua ilieleza pia kwamba inapelekwa kwa mkono wa Cohen kwa kuwa kampuni hiyo haina muunganisho wa intaneti. Kampuni yenyewe iliitwa Online Classifieds, yaani ilikuwa kampuni ya matangazo ya mtandaoni. Hakuna aliyempigia Kremen kumuuliza. Jina likahamishwa.

Kremen alikwenda kupigana mahakamani. Jina alirudishiwa mwaka 2000, na mwaka uliofuata mahakama ikamwamuru Cohen amlipe dola milioni 65. Cohen akakimbilia Mexico, akakamatwa huko mwaka 2005. Urithi mkubwa wa kesi hiyo ni hukumu ya mahakama ya rufaa ya mwaka 2003, iliyosema kwamba jina la intaneti ni mali, na kwamba anayempa mtu mwingine mali hiyo bila idhini ya mwenyewe anaweza kuwajibishwa. Kabla ya hapo wasajili waliweza kudai kwamba wanatoa huduma tu, na kwamba hakuna kitu cha kuibwa.

Wezi wa siku hizi wana subira zaidi. Mwishoni mwa Januari 2021 watengeneza programu duniani walishtuka kuona Perl.com, tovuti ya lugha ya programu inayotumika tangu miaka ya 1980, ikielekea kwenye seva isiyojulikana. Walipochunguza, waliona dalili kwamba akaunti iliingiliwa Septemba 2020, kwa kumdanganya msajili badala ya kuvunja kompyuta. Mwizi alikaa kimya miezi mitatu, akalipeleka jina kwa msajili wa China wakati wa Krismasi, kisha Januari akalipeleka kwa msajili wa Ujerumani. Likatangazwa kuuzwa kwa dola 190,000. Lilirudishwa Februari, kwa bahati ya kuwa na marafiki wengi wanaojua pa kupiga simu. Duka la vitenge la Kariakoo au kampuni ya utalii ya Arusha haina jeshi kama hilo.

Hata msajili kuuzwa kunaweza kufungua mlango. Mwaka 2023 Google ilitangaza kuiuzia kampuni ya Squarespace biashara yake ya usajili wa majina, majina yapatayo milioni 10, na wateja wakahamishiwa kwenye mfumo mpya hatua kwa hatua. Julai 2024 majina ya kampuni kadhaa za fedha za kidijiti yakaingiliwa, likiwemo la Compound Finance, na wageni wa tovuti yake wakawa wanaelekezwa kwenye ukurasa wa wezi. Watafiti wa usalama waliofuatilia tukio hilo walieleza kwamba baadhi ya akaunti zilizotengenezewa wateja wa zamani hazikuwa zimefunguliwa na wenyewe, na mtu aliyebahatisha barua pepe sahihi aliweza kuzitangulia. Squarespace kwa upande wake ilieleza kuwa udhaifu ulikuwa kwenye njia ya kuingilia akaunti na kwamba iliurekebisha ndani ya saa chache. Kwa mteja wa kawaida funzo ni moja. Msajili wako akitangaza kununuliwa, ingia kwenye akaunti mpya siku zile zile za mwanzo, weka nenosiri jipya, washa ulinzi wa hatua mbili, kwa sababu ulinzi wa zamani huenda haukuhama nawe.

Fundi, mteja na makabidhiano

Huku kwetu hatari iliyo karibu zaidi si mwizi wa New Jersey. Ni mazoea. Mwenye hoteli ya ufukweni anamwita kijana anayejua kompyuta, anamlipa kwa M-Pesa, wiki mbili baadaye tovuti iko hewani. Kijana amelisajili jina kwenye akaunti yake mwenyewe, pamoja na majina ya wateja wengine ishirini, kwa sababu ndiyo akaunti aliyo nayo. Hana nia mbaya. Miaka inapita, kijana anapata kazi Dubai, anabadili namba ya simu, anasahau nenosiri la barua pepe ya zamani. Siku jina linapomaliza muda, taarifa za kukumbusha zinakwenda kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu, na mwenye hoteli anaambiwa na mgeni kwamba tovuti yake haipo.

Akimwandikia msajili, ataulizwa maswali asiyoweza kuyajibu: namba ya akaunti, barua pepe iliyosajiliwa, risiti ya malipo. Kwa msajili, mteja ni kijana wa Dubai. Mwenye hoteli ni mtu baki anayedai mali ya mteja, na msajili mwenye busara hawezi kumpa jina kwa maneno matupu, maana Cohen naye alikuja na maneno.

Makabidhiano hufanyika vizuri watu wakiwa bado wanapigiana simu. Mteja anafungua akaunti yake kwa msajili yuleyule, bila malipo, kwa barua pepe ya taasisi na si ya mfanyakazi mmoja. Barua pepe hiyo isiwe inayotegemea jina hilohilo: mwenye akaunti inayotumia info@ ya tovuti yake atajikuta nje siku jina litakapozimika, kwa sababu barua ya kurejesha nenosiri nayo haitafika. Fundi analisukuma jina kwenye akaunti hiyo. Kazi ya kutunza tovuti anaweza kuendelea nayo kama kawaida, kwani wasajili wengi humruhusu mwenye akaunti kumpa mtu mwingine ruhusa ya kurekebisha DNS bila kumpa uwezo wa kulihamisha jina. Fundi mwaminifu hapotezi kitu kwa utaratibu huu, na anajitua mzigo wa kubebeshwa lawama za majina ya watu.

Waliochelewa bado wana njia, ila ni ndefu. Hukusanya ankara, ujumbe wa malipo wa simu, mkataba kama upo, cheti cha usajili wa kampuni kutoka BRELA kwa Tanzania au ofisi kama hiyo ya nchi yao, na barua yenye mhuri. Kwa .com hupeleka malalamiko kwa msajili kwanza. ICANN hupokea malalamiko kuhusu msajili anayevunja taratibu, lakini haina mamlaka ya kumnyang'anya mtu jina na kumpa mwingine. Ule utaratibu wa kimataifa wa kusuluhisha migogoro ya majina, ulioanzishwa mwaka 1999, ulikusudiwa alama za biashara, na kikundi cha akina mama wa Kilifi kisicho na alama iliyosajiliwa hakitapata msaada mkubwa humo. Kwa .ke na .tz wasimamizi wako karibu, taratibu ni za nchi, na mtu anaweza kufika ofisini na karatasi zake mkononi. Hiyo ni faida ya kweli ya kuwa na jina la nyumbani. Majina ya .go na .ac hufuata masharti ya taasisi, na hayahamishwi kwa makubaliano ya watu binafsi.

Kifo nacho huleta mgogoro wake. Mwenye duka akifariki, nenosiri huenda naye. Wasajili kwa kawaida hutaka cheti cha kifo na hati ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi, kisha huihamishia mali hiyo kwenye akaunti ya msimamizi. Familia nyingi hazijui hata kwamba marehemu alikuwa na kitu cha namna hiyo. Kwenye orodha ya mali, baada ya nyumba, gari na akaunti ya benki, mstari mmoja unaotaja jina la tovuti, msajili na barua pepe ya akaunti unatosha kuwaokoa.

Jina likishafika kwenye akaunti mpya, yako mambo matatu ya kufanya siku hiyohiyo. Hakikisha kufuli la uhamisho limewashwa, kwa sababu wakati mwingine huondolewa katika shughuli za kuhama. Soma taarifa za mmiliki neno kwa neno. Kisha angalia malipo: kadi iliyokuwa ikilipia jina kila mwaka ilikuwa ya akaunti ya zamani na imebaki huko, hivyo kujilipia kwenyewe kunaweza kuwa kumezimika bila mtu kuambiwa. Kwa .com lililopita muda wake na kufutwa na msajili, mwenyewe ana siku 30 za kulikomboa kwa ada iliyo mara kadhaa ya bei ya kawaida, halafu siku 5 za kusubiri, halafu jina linakuwa wazi kwa yeyote duniani. Weka njia mpya ya malipo, washa kujilipia, na uandike tarehe ya mwisho wa muda katika kitabu cha mihtasari cha kamati, mahali ambapo mweka hazina ajaye ataikuta.